Kochi la mgeni na kochi la mwenyeji: pima mkao kabla ya kuagiza

Mteja huja karakana na picha kwenye simu. La kwanza analotaja ni rangi, la pili ni seti: tatu, mbili, moja, moja. Swali langu kwake huwa lingine: usiku, ukishaoga na kula, unakaaje kwenye kochi? Wengi husita, kisha husema kweli: "Najilaza." Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia, maana kochi la kumpokea mgeni na kochi la kujilaza ni vitu viwili. Kinachovitenganisha ni sentimita 10 hadi 15 tu za kina cha siti, na sentimita hizo hazionekani kwenye picha.

Makochi mengi yanayotengenezwa kwetu, iwe Keko ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, hupimwa kwa mwili wa mgeni anayekuja mara mbili kwa mwezi, halafu wenye nyumba ndio wanaoyalalia kila siku. Kosa la pili ni kinyume chake, nalo linazidi kukua: kochi la kina cha sentimita 70, lililoigwa kwenye picha ya nyumba ya Ulaya, linawekwa mapokezi ya ofisi. Kila anayelikalia hapo ama ananing'inia ukingoni, ama anazama na kushindwa kuinuka akiitwa.

Viatu vikibaki mlangoni

Tofauti ya mkao wa nyumbani na wa kwingine huanzia miguuni. Kwetu kiatu huvuliwa mlangoni, na mguu mtupu una ruhusa ya kupanda kwenye kochi. Mwangalie mtu anayeanza kutazama tamthilia. Kwanza anakaa vizuri, nyayo sakafuni, mgongo umeegemea. Dakika kumi hazipiti, mguu mmoja umeshapanda na kukunjwa chini ya paja la pili. Kisha mwili wote unageukia mkono wa kochi, kiwiko juu, magoti upande mmoja. Kabla kipindi hakijaisha kichwa kiko juu ya mkono wa kochi na miguu imenyooka hadi upande wa pili. Hiyo ni mikao minne kwa saa moja, na kila mmoja unadai kipimo chake.

Benki, ofisi ya serikali, mapokezi ya hospitali: mkao ni mmoja tu. Nyayo chini, bahasha mapajani, makalio kwenye theluthi ya mbele ya siti, mgongo haugusi egemeo. Mtu anasubiri jina lake liitwe, na mwili uko tayari kusimama. Ukweni ni vivyo hivyo. Mwenyeji atasema "jisikie uko nyumbani", mgeni ataitikia, atasogea nyuma vidole viwili, basi.

Watu wa pwani walikuwa wameshalitatua jambo hili kabla ya kochi kufika. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina baraza za mawe nje, ngumu, za jirani na mpita njia. Mgeni wa heshima alipewa kiti cha enzi: mgongo wima, mikono myembamba, na mahali pa kuwekea miguu. Ndani, kwa wenyewe, kulikuwa na mkeka, godoro na takia. Mahali pa wageni palikuwa pagumu na wima, mahali pa wenyeji palikuwa chini na laini. Leo chumba ni kimoja, sebule, na kochi moja limebebeshwa kazi zote mbili.

Kipimo kinachoamua: kina cha siti

Chukua futi kamba. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo umeegemea ukuta, na mtu apime kutoka ukutani hadi nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi utapata kati ya sentimita 45 na 50. Ondoa upana wa vidole vitatu, kama sentimita 5, na hicho ndicho kina chako cha kukaa wima. Ukivuka hapo, ukingo wa siti unabana nyuma ya goti, mahali ambapo mishipa ya damu na ya fahamu ipo karibu na ngozi. Ganzi inaanza, na mtu anajiokoa kwa njia mbili: anasogea mbele na kuliacha egemeo, au anateleza mpaka mgongo ujikunje kama upinde.

Huko kuteleza ndiko kunakoumiza kiuno. Ukikaa wima, uzito unabebwa na mifupa miwili ya makalio. Ukiteleza, nyonga inazunguka kwa nyuma, uzito unahamia karibu na kifandugu, na katikati ya mgongo panabaki hewa. Kochi nalo linaumia, kwa kuwa kila kuteleza kunaisukuma siti mbele. Ukiona mito ya siti inatoka mbele kila jioni na unairudisha kila asubuhi, ujue siti ni ndefu kuliko mapaja ya watu wako, au haina mwinamo. Fremu inatakiwa iinuke mbele kwa sentimita 3 hadi 4 kuliko nyuma. Fundi wengi huliruka hilo kwa sababu fremu iliyonyooka ni rahisi kupiga.

Kujilaza kunadai kina tofauti kabisa. Kukunja miguu upande kunahitaji sentimita 60 kwenda juu. Kulala ubavu bila bega kuning'inia kunahitaji 60 hadi 65. Sasa, kwa nyumba yenye sebule moja, hiki ndicho ninachokipendelea kuliko vyote: jenga siti ya sentimita 60 hivi, kisha weka mito ya mgongo isiyoshonewa kwenye fremu, yenye unene wa sentimita 20. Mto huo ukiegemewa hubonyea na kubaki kama 15. Mgeni akija mito ipo, anapata 45. Mwenye nyumba akitaka kujilaza anaitupa chini, anapata 60. Mto mmoja unakuwa wa kichwa, wa pili wa kuweka chini ya magoti.

Mito hiyo ina masharti. Ukijaza sufi, itajikusanya vibonge ndani ya miezi michache. Nyuzi za poliesta hudumu zaidi, ila huporomoka na kujazana chini. Dawa yake ni foronya ya ndani iliyogawanywa vyumba viwili au vitatu kwa mshono wa mlalo, kila chumba kijazwe peke yake. Mwambie fundi kabla hajanunua kitambaa, maana baadaye atakwambia haiwezekani.

Kimo cha siti ni rahisi zaidi. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, bila viatu: wengi wako kati ya sentimita 38 na 44. Kinachosahaulika ni kwamba sponji hubonyea sentimita 4 hadi 6 mtu akikaa. Kochi lililopimwa 45 likiwa tupu linakuwa 40 likiwa na mtu, na hicho ni kimo kizuri cha nyumbani. Ofisini ongeza kidogo, kwa sababu ya viatu na kwa sababu watu husimama na kukaa mara nyingi.

Wazee ni jambo la pekee, na huwa naumia nikiona bibi anavutwa mikono miwili ili atoke kwenye kochi la kijana wake. Mzee anahitaji siti ya sentimita 48, sponji isiyobonyea sana, kina kisichozidi 45, na mikono inayofika mpaka ukingo wa mbele, kwa kuwa mtu husukuma pale mbele anapoinuka. La mwisho halitajwi kabisa: nafasi chini ya kochi. Ili usimame, visigino hurudi nyuma ya magoti kama sentimita 10. Kochi lililozibwa kwa mbele hadi sakafuni linamnyima mzee nafasi hiyo, naye anabaki kujirusha mara tatu, nne. Miguu ya wazi ya sentimita 12 hadi 15 inatosha, na ufagio nao unapita.

Mkono wa kochi si mto, wala si kiti

Mtindo wa sasa ni mikono minene ya sentimita 25. Piga hesabu. Kochi la watu watatu la mita 2, ukitoa mikono miwili, linabaki sentimita 150. Kila mtu anapata 50, wanabanana, na hakuna mtu mzima anayeweza kujinyoosha hapo. Mikono ya sentimita 12 inaacha 176. Kwenye mita mbili hizohizo umepata kitanda cha mgeni wa ghafla.

Kwa kiwiko na kwa kuinukia, mkono uwe sentimita 20 hadi 25 juu ya siti iliyokaliwa. Kwa kichwa kimo hicho ni kirefu mno. Shingo inakunjwa kidevu kikigusa kifua, na mtu anaamka hawezi kugeuka. Anayependa kulala kochini aweke mto wa kawaida juu ya siti, au aagize upande mmoja uwe na mkono wa chini, sentimita 12 hadi 15. Hakuna sheria inayosema mikono lazima ilingane.

Kisha kuna wanaokalia mkono wenyewe. Watu wakijaa sebuleni, iwe ni mechi au kikao cha harusi, vijana hukaa mikononi. Mtu wa kilo 70 akikaa pale na kuegemea nje, mkono unafanya kazi ya mtaimbo na uzito wote unavuta kiungo cha chini. Fremu iliyoungwa kwa misumari tu hulegea, kwa sababu msumari unavutwa kwa njia ileile ulikoingilia. Kiungo hicho kinataka gundi ya mbao na boliti mbili kila upande, pamoja na kipande cha ubao cha pembetatu kwa ndani. Ukiushika mkono na kuutikisa, kochi zima litikisike pamoja. Mkono ukitikisika peke yake, usichukue.

Ukingo wa mbele: msusi na mteja wa benki

Huwezi kudhani kwamba msusi anayesukia nyumbani na kochi la benki vina ugonjwa mmoja, lakini vinao. Msusi hukaa ukingoni kabisa, magoti yameachana, mteja yuko chini kwenye stuli au zulia katikati ya miguu yake. Saa nne, tano, uzito wote uko kwenye kipande cha siti kisichozidi sentimita 20. Anayesubiri ofisini naye hukaa palepale, tofauti ni kwamba pale watu hubadilishana siku nzima. Matokeo ni mamoja: ukingo unalala na kuwa kama mdomo uliobonyea, kitambaa kinalegea mikunjo, na ubao wa mbele unaanza kuhisiwa na mapaja.

Ubao huo wa mbele ndio uti wa mgongo wa kochi. Kwenye kochi la watu watatu unavuka karibu mita 1.8. Bila mguu wa tano katikati, hata mninga utapinda baada ya muda, na paini itapinda mapema zaidi. Mikanda ya mpira iende mbele na nyuma na ifumwe kushoto na kulia, nafasi kati ya mkanda na mkanda isizidi sentimita 5. Vipande vya tyubu ya gari ni rahisi, lakini joto huvikausha na vinapasuka. Juu ya ubao weka kamba nene ya sponji ngumu ili ukingo uwe duara, usiwe kona.

Sponji nayo ina siri yake. Ugumu si uzito. Sponji nyepesi inaweza kufanywa ngumu kiwandani, ukaibonyeza dukani ukaridhika, na ndani ya mwaka ikawa chapati. Kinachodumu ni uzito kwa ujazo. Kwa siti ya kila siku taka kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi, na mgongoni 18 hadi 22 zinatosha kwa kuwa hapabebi sana. Usibishane na muuzaji, weka mto kwenye mizani. Kipande cha sentimita 60 kwa 60, unene 15, cha uzito huo kitafika kilo 1.6. Kikisoma kilo 1, umeuziwa sponji ya mgongo. Angalia tu isiwe ile ya vipande vya rangi mchanganyiko vilivyogandishwa: hiyo ni nzito sana na ngumu, inafaa kuwa tabaka la chini kabisa, haifai kukaliwa yenyewe.

Nyumbani kila mtu ana nafasi yake, na ile inayotazamana na televisheni ndiyo inayokufa kwanza. Agiza mito ya siti yenye vipimo sawa, yenye zipu, bila upande wa juu wala wa chini. Zungusha kila mwezi: wa kushoto uende kulia, na kila mmoja ugeuzwe. Kochi lenye siti moja ndefu iliyoshonewa halina tiba hiyo.

Kwa nini katikati hakai mtu

Weka kochi la watatu mapokezi uhesabu. Wa kwanza atakaa pembeni, wa pili pembeni ya upande mwingine, wa tatu atasimama au atatafuta kiti cha plastiki. Mwanaanthropolojia Mmarekani Edward T. Hall, katika miaka ya 1960, aligawa umbali baina ya watu: hadi sentimita 45 ni wa walio karibu sana kimaisha, 45 hadi 120 ni wa marafiki. Alisema pia kwamba vipimo hivyo vinabadilika kwa utamaduni, na kwetu kwenye daladala havipo kabisa. Lakini kochini, siti ya sentimita 55 inamsogeza mgeni mpaka bega liguse bega, bila konda wa kumlaumu. Kwa hiyo, mwenye ofisi, kwa pesa ya kochi moja la watatu tengeneza viti vitatu vya mmoja mmoja vyenye mikono. Watu watatu watakaa kweli.

Mavazi nayo yana sauti. Mwanamke aliyevaa sketi ya ofisini akizama kwenye siti ya chini, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuvuta mto mdogo auweke mapajani. Kwake nyumbani, ndani ya dera, angekunja nne bila wasiwasi. Hoteli na kumbi zenye makochi ya chini ziweke hiyo mito midogo, ni msaada wa kweli. Kochi la maharusi jukwaani ndilo linalokosewa zaidi: pana, la chini, lenye vifungo vya kung'aa. Bibi harusi mwenye gauni la mkia hawezi kurudi nyuma, hukaa ukingoni saa tano mgongo ukiwa hewani. Anayekodisha makochi hayo afanye siti ya kimo cha sentimita 48, kina 45, ngumu.

Kitambaa, jasho na mafuta ya nywele

Mahali kichwa kinapolala, mafuta ya nywele huingia. Vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walitandika mgongoni na mikononi mwa makochi vilikuwa na kazi hiyo, na nawasihi wanaoviona vya kizamani wavirudishe. Kufua kitambaa ni rahisi kuliko kuvua kochi nguo. Kwa ngozi ya bandia ni lazima zaidi: joto na unyevu wa pwani, pamoja na jasho na mafuta, vinaila tabaka la juu mpaka libabuke maganda, na huanzia palepale kwenye kichwa na mikono. Ofisini ngozi hiyo hudumu vizuri zaidi kwa sababu hakuna anayeilalia bila shati. Dar, Tanga au Mombasa, kwa kujilaza, chagua kitambaa cha kufumwa kinachopitisha hewa. Velveti ipelekwe Arusha au Nairobi kwenye baridi.

Kwa wenye watoto wachanga nasema bila kuzunguka: usijilaze kochini na mtoto kifuani ukiwa na usingizi. Mtoto huteleza akaingia katikati ya mwili wako na egemeo, au kwenye mwanya wa mito, pua ikazibwa bila sauti. Ukihisi macho mazito, mpeleke kitandani kwake.

Kabla hujalipa salio, nenda karakana fremu ikiwa na mikanda na sponji lakini haijavishwa. Pima mlango wako kwanza. Nyumba nyingi za kupanga zina mlango wa sentimita 80, na kochi lisilopita hata likilazwa ubavu litakusumbua siku ya kuhama, na siku ya msiba makochi yanapotakiwa kutoka nje ili mikeka itandikwe. Halafu vua viatu. Kaa kama mgeni dakika tano, ukingoni. Rudi nyuma, egemea, upitishe vidole vitatu nyuma ya goti. Kunja miguu. Jilaze kichwa kila upande, na ukae hivyo robo saa nzima, maana dakika mbili hazitoshi kuonyesha ganzi. Palipokusumbua weka alama kwa chaki kwenye sponji, fundi apunguze au aongeze hapohapo, kitambaa kikiwa bado kiko kwenye mfuko.